Kwani Akifa, Ni Kesi ya Nani?

Ilikuwa saa nane usiku, wiki ya UE, na umeme ulikuwa umerudi muda si mrefu. Nilikuwa mezani napambana na noti za Sheria ya Ushahidi pale kelele ilipoanzia ghorofa ya chini: "Mwiziii!" Kama umewahi kuishi hosteli unajua kinachofuata. Milango inafunguka kwa pamoja. Watu ambao dakika tano nyuma hawakuwa na nguvu hata ya kushika kalamu, sasa wanaruka ngazi tatu tatu. Jamaa alikuwa na begi, ndani yake laptopu mbili na simu, na badala ya kukimbilia nje akakimbilia juu. Ghorofa ya tatu akafika ukingoni mwa baraza, akatazama chini, akatutazama sisi, akatazama chini tena. Hakuruka. Akashikwa.

Sitasimulia yote. Kulikuwa na mikanda, viatu, mguu wa kiti. Mmoja alikuja na tofali ambalo siku zote lilikuwa linazuia mlango wa bafu usijifunge. Mwenzangu wa chumba, kijana mpole ambaye hata panya hutaka tumtoe nje akiwa mzima, alimpiga mateke mawili ya mbavu, akarudi chumbani, akanawa uso. Mimi sikupiga. Ila sikuzuia pia, na kuna wakati nilipaza sauti nikasema "mshikeni vizuri huyo", na mpaka leo sina hakika nilimaanisha nini. Waliomwokoa ni walinzi wawili wa zamu. Mmoja alimlalia mwili mzima mpaka fujo ikapungua. Alitolewa pale akiwa hai, hajitambui, amebebwa kwenye shuka la mtu.

Tuliporudi chumbani mwenzangu akauliza, "Kwani akifa, ni kesi ya nani?" Jirani yetu wa injinia akajibu kwa haraka, "Ya wananchi wenye hasira kali." Tukacheka. Niko mwaka wa tatu sheria, na nilicheka kwa sababu sikuwa na jibu lililonyooka. Makala hii ni jibu nililolitafuta baadaye, nikiwa nimeshatulia. Nimeiandika kwa ajili ya wasiosoma sheria, kwa hiyo wenzangu wa kitivo mnisamehe nikikata kona.

Tuanze na majina, maana majina yenyewe yanadanganya. Kwa Tanzania Bara sheria inayohusika ni Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16 (Zanzibar wana yao). Kifungu cha 195 kinasema, kwa maneno yangu, kwamba mtu anayesababisha kifo cha mtu mwingine kwa kitendo kisicho halali, au kwa kuacha kutenda jambo alilopaswa kulitenda, ana hatia ya kosa ambalo sisi tunaliita kuua bila kukusudia. Kifungu cha 196 kinarudia karibu maneno yaleyale, kisha kinaongeza kitu kimoja: nia ovu. Ukisababisha kifo kwa kitendo kisicho halali ukiwa na nia ovu, hilo ndilo kosa la mauaji, lile ambalo magazeti huliita mauaji ya kukusudia.

Mtu akisikia "mauaji ya kukusudia" anafikiria mtu aliyepanga: amenunua sumu, amekodi muuaji, ameandika ratiba. Akisikia "kuua bila kukusudia" anafikiria ajali, kama mtu aliyeteleza akamwangukia mwenzake. Vyote viwili si sahihi. Ajali halisi, isiyo na uzembe mkubwa wala kitendo haramu, si kosa kabisa. Na mtu anaweza kutiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia bila kuwa na hata sekunde moja ya kutaka mtu afe. Neno la Kiswahili limebeba mzigo ambao sheria haikuutia ndani yake.

Ukikaa kwenye kesi ya mauaji Mahakama Kuu utaona mawakili wanazunguka maswali manne. Je, kuna mtu amekufa? Je, kifo hicho kilisababishwa na kitendo kisicho halali? Je, aliyekisababisha ni huyu aliyeko kizimbani? Na je, alikuwa na nia ovu? Jamhuri inapaswa kuyathibitisha yote bila kuacha shaka ya msingi, na mzigo huo hauhami. Mahakama ya Rufani ilishasema wazi, katika kesi ya Mohamed Matula ya 1995, kwamba upande wa mashtaka hauthibitishi kifo tu. Lazima uonyeshe na kamba inayokifunga kifo hicho kwa mshtakiwa. Mshtakiwa hana kazi ya kuthibitisha kwamba yeye si muuaji.

La kwanza, kuwapo kwa kifo, kwa kawaida halina ubishi mrefu. Daktari amefanya uchunguzi wa mwili, ripoti ipo. Hata mwili usipopatikana, kifo kinaweza kuthibitishwa kwa ushahidi wa mazingira, ingawa hapo mahakama inakuwa mkali sana. Anayekufa lazima awe mtu, na kifungu cha 204 kinasema mtoto anakuwa mtu wa kuweza kuuawa pale anapokuwa ametoka mzima mzima tumboni mwa mama yake akiwa hai. Kabla ya hapo kuna makosa mengine, ila si haya. Hili nalitaja kwa sababu kila baada ya muda tunasikia kichanga kimeokotwa jirani na hosteli fulani. Kifungu cha 199 kina kosa la peke yake kwa mama anayesababisha kifo cha mtoto wake aliye chini ya miezi kumi na miwili, wakati akili yake haijatengemaa kutokana na kuzaa au kunyonyesha. Adhabu yake inafuata ya kuua bila kukusudia. Yaani sheria ileile, iliyoandikwa na wakoloni wa kiume, iliona kwamba mwili wa mzazi unaweza kuiyumbisha akili. Wachangiaji wengi wa mitandaoni leo hawajafika hata hapo.

Swali la pili, la kusababisha, ndilo lililoninyima usingizi. Tuseme yule kijana alipofika ukingoni mwa baraza angeruka. Ghorofa ya tatu, chini ni zege. Nani angekuwa amemuua? Sisi tungesema kajirusha mwenyewe. Kifungu cha 203 kinasema vingine: ukimtisha mtu kwa fujo mpaka akafanya jambo linalomuua, na jambo hilo lilikuwa njia ya kuikwepa fujo ambayo kwa hali ile ingeonekana ya kawaida kwa huyo aliyekufa, basi wewe ndiye uliyesababisha kifo, hata kama si sababu pekee. Watu sitini wenye mikanda nyuma yake, uwazi mbele yake. Sidhani kama jaji angehitaji muda mrefu.

Kifungu hichohicho kinafunga na milango mingine ambayo tungependa kuipitia. Ukimjeruhi mtu, akapelekwa hospitali, akafanyiwa upasuaji kwa nia njema na kwa ujuzi wa kawaida wa kitabibu, lakini akafa mezani, umesababisha kifo. Ukimjeruhi, akakataa dawa za hospitali akaenda kwa mganga, au akadharau kidonda mpaka kikaoza, umesababisha kifo. Ukimpiga mtu aliyekuwa mgonjwa tayari, ambaye pengine angekufa mwakani kwa ugonjwa wake, nawe ukakiharakisha kifo chake, umesababisha kifo. Ile hoja ya mtaani ya "kwani teke moja linaua? Huyo alikuwa na moyo" haikusaidii kwenye kusababisha. Inaweza kukusaidia kwenye nia, na tutafika huko.

Kisha kuna kifungu cha 205, ambacho wenzangu wa kozi nyingine huwa hawaamini nikiwaambia. Kifo kihesabiwe kuwa umekisababisha wewe, lazima kitokee ndani ya mwaka mmoja na siku moja tangu kitendo, na siku ya kitendo yenyewe inahesabiwa. Kanuni hii ni ya kale sana, ya Uingereza ya enzi ambazo daktari hakuwa na namna ya kujua kama aliyekufa leo ameuliwa na rungu la mwaka juzi. Uingereza wenyewe waliifuta mwaka 1996. Sisi tumebaki nayo. Kwa hiyo mtu akitoka mikononi mwenu akiwa anahema, jambo halijaisha. Mnaanza kuhesabu.

Kuhusu kitendo kisicho halali sitakaa sana. Kuna kuua kuliko halali: kujihami ni mfano unaojulikana. Vifungu vya 18 mpaka 18C vinakuruhusu kujilinda, kumlinda mwenzako na kulinda mali, kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Ukizidisha nguvu katika kujihami ukaua, unaangukia kwenye kuua bila kukusudia. Neno la kushika hapo ni hatari iliyopo. Mwizi anayekuja na panga chumbani kwako ni hatari. Mwizi aliyelala sakafuni, mikono imefungwa kwa kamba ya neti, amezungukwa na wasomi sitini, si hatari kwa mtu yeyote. Mnachofanya baada ya hapo hakiitwi kujihami. Na kuacha kutenda nako kunaweza kuwa kosa, ila kwa mwenye wajibu tu: mzazi asiyemlisha mtoto, muuguzi aliyeko zamu. Mpita njia asiyemwokoa anayezama hana kesi ya mauaji, hata kama kijiji kizima kitamsema.

Sasa tuje kwenye nia ovu, maana hapa ndipo mtu anapopona au kuzama. Kifungu cha 200 kinaieleza kwa njia nne. Ya kwanza inatosha kutikisa hosteli nzima: nia ya kuua, au nia ya kumsababishia mtu madhara makubwa. Isome tena hiyo "au". Madhara makubwa, kwa tafsiri ya sheria, ni pamoja na kumlemaza mtu, kumharibia afya kwa uzito au kwa kudumu, au kumjeruhi vibaya kiungo cha nje au cha ndani. Kwa hiyo anayesema "sikutaka afe, nilitaka kumvunja miguu ili asirudie" hajajitetea. Amekiri nia ovu. Mtu akivunjwa miguu akafa kwa kuvuja damu, hilo ni shtaka la kifungu cha 196, na aliyesema hivyo ameisaidia Jamhuri kwenye kipengele kigumu kuliko vyote.

Njia ya pili ni kujua kwamba unachofanya huenda kikaua au kudhuru vibaya, hata kama hujali, na hata kama unaomba Mungu kisitokee. Ya tatu ni kuwa na nia ya kutenda kosa ambalo adhabu yake inazidi kifungo cha miaka mitatu, na ndiyo inayowanasa wanyang'anyi wanaosema walikwenda kuiba tu, mlinzi akafa kwa bahati mbaya. Ya nne ni kusaidia mhalifu kukimbia au kutoroka. Hakuna hata moja inayodai mpango wa siku nyingi. Nia inaweza kuzaliwa ngazini, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu.

Lakini nia iko kichwani, na kichwa hakipasuliwi mahakamani. Itajulikanaje? Jibu la Mahakama ya Rufani wanafunzi wa sheria hulikariri kama wimbo wa shule, nalo liko katika kesi ya Enock Kipela, rufaa namba 150 ya mwaka 1994, iliyosikilizwa Mbeya. Majaji walisema kwamba anayeshambulia kwa kawaida hatangazi nia yake, hivyo mahakama itaisoma kwenye mambo mengine: silaha ni ya aina gani na ukubwa gani, nguvu iliyotumika, pigo lilielekezwa sehemu gani ya mwili, mapigo yalikuwa mangapi, majeraha ni ya namna gani, mshambuliaji alisema nini kabla, wakati au baada ya tukio, na mwenendo wake kabla na baada.

Chukua orodha hiyo uiweke juu ya usiku wetu. Tofali, kichwani, mara mbili, huku mtu anasema "leo ndiyo mwisho wako": sioni wakili atakayelala vizuri. Mkanda, mgongoni, mara moja, kisha aliyepiga akaondoka: hapo ubishi ni mkubwa, na kama huyo angekuwa peke yake, kuua bila kukusudia ndiko kungekuwa karibu zaidi. Mateke mawili ya mbavu? Mwenzangu alikuwa amevaa ndala. Niliona aibu kwamba akili yangu ilikwenda moja kwa moja kwenye ndala, lakini ndivyo tunavyofundishwa: silaha ni nini, nguvu kiasi gani, wapi, mara ngapi.

Tatizo ni hilo neno "peke yake". Kifungu cha 23 kinasema watu wawili au zaidi wakiwa na nia ya pamoja ya kufanya jambo lisilo halali, na katika kulifanya likatendeka kosa ambalo ni matokeo yanayoweza kutarajiwa ya jambo hilo, kila mmoja anahesabiwa kuwa amelitenda. Wala hakuhitajiki kikao. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishalisema hilo tangu mwaka 1943, katika kesi ya Tabulayenka iliyotoka Uganda: makubaliano ya awali si lazima, nia ya pamoja inaweza kusomwa kutokana na mtu kuwapo, alichokifanya, na kushindwa kwake kujitenga na shambulio. Wakili hatauliza teke la nani ndilo lililopasua bandama. Atauliza nani alikuwa ndani ya jambo.

Kwa hiyo ndala inaweza kusimama kizimba kimoja na tofali. Swali linalobaki ni kama mwenye ndala alipaswa kutarajia kwamba kipigo kile kingefika kwenye kifo au madhara makubwa. Kwetu sisi Watanzania, ambao tangu utotoni tumesoma habari za wezi kuchomwa moto kwa matairi, ni vigumu kusema hukutarajia.

Na mimi je? Kuwapo tu hakutoshi. Mtazamaji aliyesimama kimya si muuaji, hata kama ni mwoga. Lakini kifungu cha 22 kinamhesabu kuwa mtenda kosa yule anayesaidia, anayeshawishi, anayechochea. Anayeleta petroli. Anayepaza sauti "choma". "Mshikeni vizuri huyo" iko upande gani? Nimemuuliza mhadhiri mmoja bila kumwambia ni mimi. Akaniambia inategemea ilisemwa wakati gani: kabla ya kipigo, ili asikimbie, au katikati ya kipigo, ili apigike vizuri. Nikamshukuru nikaondoka. Nilisema katikati.

Wengi wananiuliza kuhusu hasira. Si tulikuwa na hasira? Wizi ulikuwa umetusumbua muhula mzima, mtu ameibiwa laptopu yenye tasnifu yake wiki tatu kabla ya kuiwasilisha, na bumu lilikuwa halijatoka. Sheria inaijua hasira. Kifungu cha 201 kinashusha kosa kutoka mauaji mpaka kuua bila kukusudia pale mtu anapoua akiwa amepandwa na jazba iliyotokana na uchokozi wa ghafla, kabla moyo haujapata nafasi ya kupoa. Kifungu cha 202 kinautaja uchokozi kuwa ni kitendo kibaya au tusi ambalo lingemfanya mtu wa kawaida apoteze uwezo wa kujizuia, na mtu wa kawaida anayepimwa ni wa jamii ya mshtakiwa, si wa London. Hapo mahakama zimekuwa na kazi. Kanda ya Ziwa wazee wengi, hasa kina mama, wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na washtakiwa wamekuja na hoja kwamba katika jamii yao uchawi ni uchokozi tosha. Msimamo tangu zamani, tangu kesi ya Galikuwa ya mwaka 1951, ni kwamba kuamini tu kuwa mtu anakuroga hakutoshi. Lazima kuwe na kitendo cha papo kwa papo. Mtoto kafa Jumatatu, ukaenda kwa mganga Jumatano, ukaua Ijumaa: hiyo si jazba, ni ratiba.

Kwetu hosteli, mwenye laptopu aliyemkuta mtu nayo mkononi anaweza kuwa na hoja kidogo. Mtu wa bloku jingine, aliyeamshwa na kelele, akavaa viatu, akafunga mlango kwa kufuli ndipo akaja kupiga, hoja yake siioni. Aliyefunga kufuli alikuwa na akili timamu.

Pombe nayo isiwe kimbilio. Kulewa kwa hiari si utetezi. Mahakama itauzingatia ulevi katika kupima kama nia iliweza kuundika, basi. Ugonjwa wa akili ni habari nyingine na unahitaji makala yake.

Kwa nini tunapasua nywele hivi kati ya kosa moja na jingine? Kwa sababu ya kinachofuata. Kuua bila kukusudia, kwa kifungu cha 198, adhabu ya juu ni kifungo cha maisha, lakini jaji ana uwanja mpana wa kushuka, mpaka miaka michache, mpaka kuachiwa kwa masharti. Alipofariki msanii wa filamu Steven Kanumba, Aprili 2012, msanii mwenzake alishtakiwa kwanza kwa mauaji ya kukusudia, na kosa hilo halina dhamana. Shtaka lilipobadilishwa kuwa kuua bila kukusudia akapata dhamana, Januari 2013. Novemba 2017 Mahakama Kuu ikamtia hatiani na kumpa kifungo cha miaka miwili. Mtaani ilisemwa mengi. Kisheria hakukuwa na muujiza: nia ovu ikitoka kwenye hati ya mashtaka, karibu kila kitu kinabadilika, kuanzia unalala wapi usiku huo.

Kwa mauaji, kifungu cha 197 kinampa jaji sentensi moja tu ya kusoma: kunyongwa mpaka kufa. Wanaosalimika ni mama mjamzito na aliyekuwa chini ya miaka 18. Hata jaji akiona kwamba wewe ni mtoto wa watu, mwaka wa pili, ulifuata mkumbo, hana pa kupunguzia. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba, katika kesi ya Mbushuu. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaibakisha. Kenya, Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa adhabu hiyo Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu. Uganda waliuondoa mwaka 2009. Na Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapahapa Arusha, ilisema kwamba ulazima huo kwenye sheria yetu unakiuka haki ya kuishi, ikaitaka Tanzania ibadilishe. Toleo la sheria la 2022 bado lina sentensi ileile. Hatujanyonga mtu tangu miaka ya tisini, ni kweli, lakini waliohukumiwa wapo, na kila asubuhi wanaamka nayo.

Kwa upande mwingine, asipokufa, hesabu inageuka kwa namna ya ajabu. Jaribio la kuua, kifungu cha 211, adhabu yake ni mpaka kifungo cha maisha, ila linadai nia ya kuua kwelikweli. Nia ya kuvunja miguu, ambayo ingetosha kwa mauaji kama angekufa, haitoshi kwa jaribio la mauaji akipona. Hapo utashtakiwa kwa kudhuru mwili. Pigo ni lilelile na nia ni ileile. Mimi binafsi naona mantiki inayumba, lakini ndiyo sheria.

Jirani wa injinia anashikilia kwamba yote haya ni nadharia, kwa sababu usiku, watu sitini, nani atamtambua nani? Ana hoja, na kesi nyingi za kipigo cha umati zimekufia hapo. Tangu kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980 mahakama zimekuwa makini na shahidi anayesema "nilimwona": ulimwona kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, ulikuwa unamfahamu kabla? Ushahidi wa kutambua kwa macho ukiwa dhaifu, mshtakiwa anaachiwa. Lakini mwaka 1980 hakukuwa na simu zenye kamera. Asubuhi ya siku ile nilitumiwa video kutoka kwa mtu wa bloku jingine ambaye simjui. Taa za baraza zilikuwa zinawaka zote. Inakwenda kwa sekunde arobaini na moja, na ndala za mwenzangu ni za njano.

Tulimfuata yule mlinzi aliyemlalia kijana, tukamuuliza habari zake. Akasema, "Wanangu, yule alitoka wodini akapelekwa kituoni. Anakohoa sana." Hakutuuliza kwa nini tunauliza. Mwenzangu alirudi chumbani akachukua kalenda ya ukutani, ile ya wiki za muhula, akahesabu kwa kidole kuanzia usiku ule, siku ya kitendo ikiwamo. Sasa imebaki miezi minne na siku sita.